Chai ya Bwana Wen na Mguu wa Bibi

Harufu ya korosho zinazokaangwa ina tabia ya kunisimamisha njiani. Hata nikiwa na haraka, hata nikiwa nimebeba mizigo mikono yote miwili, ikinifikia puani miguu inasita, na kwa kitambo kidogo sipo tena hapa nilipo. Niko Visiga, kwenye nyumba yetu ya udongo yenye mabati ya kutu, nina miaka kama kumi hivi, nimechuchumaa mbele ya mafiga, na nyuma yangu kuna sauti inauliza kwa ukali: "Nani kakaanga korosho humu ndani?"

Hakuna aliyekuwa amekaanga korosho. Ilikuwa chai. Nitawasimulia habari zake, maana sijawahi kupika chai nyingine kwa moyo wa namna ile, wala sijawahi kubishana na mtu kama nilivyobishana na mwenye sauti hiyo.

Alikuwa Bibi yangu, mama yake Baba. Aliletwa kwetu kutoka Kisarawe nyuma ya lori la mbao, ameketi juu ya mkeka, mguu wa kulia umefungwa kitambaa cheupe ambacho kilipofika kwetu kilikuwa si cheupe tena. Alikuwa amejikwaa kwenye kisiki miezi kadhaa nyuma. Kidonda kilikuwa kidogo, kisha kikawa kikubwa, kisha kikakataa dawa zote za majani alizozijua, naye alizijua nyingi. Nilipomwamkia alinitazama toka juu hadi chini, akasema, "Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda hivyo? Mume wetu hakuachii chakula?"

Ndivyo alivyoniita siku zote, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu zao wa kike. Tatizo ni kwamba mume wetu, yaani Babu, alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo Bibi alinihesabu kuwa mjane mwenzake. Nikikataa kumchotea maji alikuwa anasema, "Mjane gani wewe huna huruma na mjane mwenzio?"

Baba alimpeleka hospitali Kibaha. Waliporudi, Baba alikuwa kimya na Bibi alikuwa anaongea sana, nikajua kuna jambo. Daktari alikuwa amesema ni ugonjwa wa kisukari. Alimpa vidonge, akamwagiza aache sukari kabisa, na akamwambia Baba pembeni kwamba kidonda kikiendelea kupanda, mguu utakatwa.

Sasa ni lazima mjue namna Bibi alivyokunywa chai. Alitia sukari mpaka chini ya kikombe kukawa na tope. Alikuwa anasema chai haijaiva mpaka kijiko kisimame chenyewe. Kumwambia mtu wa namna hiyo aache sukari ilikuwa sawa na kumwambia jogoo aache kuwika. Mama alipomletea chai tupu asubuhi ya kwanza, Bibi alionja, akairudisha kwenye sinia, akasema, "Haya ni maji mliyooshea vyombo. Mguu ni wangu, na sukari ni yangu. Mniache."

Mama aliificha sukari darini. Bibi akaanza kunituma kwa jirani: "Mke mwenzangu, kaombe sukari kidogo, sema mama yako amekutuma." Nilipogoma, alimtuma mtoto wa jirani. Tuliikuta imefungwa kwenye pindo la kanga yake, fundo gumu kama jiwe, anaifungua na kuilamba akidhani hatumwoni. "Sikio la kufa halisikii dawa," Mama alisema jikoni, kwa sauti ya chini, akijifuta macho na mkono uliojaa unga.

Mimi niliogopa kwa namna yangu. Kule Mlandizi sokoni kulikuwa na mtu mmoja asiye na mguu. Kilichonitisha hakikuwa kumwona bila mguu. Nilikuwa najiuliza mguu wenyewe uko wapi. Nilifikiri wakimkata Bibi, mguu wake utazikwa Kibaha, na mwenyewe akifa atazikwa Kisarawe kwa Babu, na Siku ya Kiyama itabidi atembee kwa kuruka njia yote hiyo kwenda kuuchukua. Sikumwambia mtu. Lakini niliapa moyoni kwamba mguu wa Bibi hautakatwa, na mtoto wa miaka kumi akiapa, dunia nzima inapaswa kumpisha.

Likizo ilipofika, Baba alianza kunichukua kwenye keria ya baiskeli mpaka bondeni, kwenye shamba kubwa la mpunga. Yeye kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga milango ya maji kwenye mifereji. Sisi watoto tuliamia mpunga, yaani tulikimbia huku na huku tukipiga makopo na kupiga kelele ili ndege wasile. Palikuwa na wataalamu wa Kichina pale, wenye kofia pana na suruali zilizokunjwa mpaka magotini, wanaingia topeni kama sisi. Mmoja wao alifanya kazi na Baba, mwembamba, mwenye meno makubwa na kicheko cha ghafla. Tulimwita Bwana Wen.

Bwana Wen hakukaa mbali na kikombe chake. Kilikuwa kikombe kirefu cha bati lililopakwa rangi nyeupe, kina mfuniko, na kila alipopumzika kivulini alikifunua na mvuke ukatoka. Siku moja nilikuwa nimepaza sauti mpaka imenikauka. Aliniona, akamimina chai yake kwenye ule mfuniko, akanipa kwa mikono miwili kama anayempa mtu mzima.

"Kunywa, Tatu," alisema, maana Baba alikuwa amemfundisha jina langu. "Pole pole."

Rangi yake ilikuwa ya asali ya nyuki wadogo. Harufu ilikuwa ya moshi, na ya korosho zinapoanza kupasuka kwenye kigae. Nikanywa. Kwanza nilihisi ukoko wa wali, ule ulioungua kidogo ambao watoto tunaugombania. Kisha ulimi ukakauka pembeni, kama unapouma bibo bichi, lile tunda la mkorosho. Nikakunja uso. Nilikuwa karibu kutema, ila kwa heshima nikameza. Na hapo, nikiwa nimeshamrudishia mfuniko, nikasikia utamu unakuja kutoka kooni, unapanda taratibu, kama utamu wa muwa unaobaki baada ya kutema makapi.

"Baba!" nikapiga kelele. "Ina sukari! Ameificha chini!"

Bwana Wen alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akakiinamisha kikombe nione ndani. Kulikuwa na majani tu, makubwa, meusi, yamelala.

"Sukari hapana," alisema. "Iko ndani ya jani. Imelala. Wewe ngoja, inaamka."

Nilisimama pale na mdomo wazi. Baba aliniambia baadaye kwamba nilikuwa kama mtu aliyeona pesa imeanguka. Nikamwambia Bwana Wen kwamba Bibi yangu anataka kukatwa mguu kwa sababu ya sukari, na kwamba naomba chai yake. Nilisema mambo yote kwa pamoja, kwa kasi, na Baba akaona aibu, akaanza kuniombea radhi. Lakini Bwana Wen alimwambia Baba arudie maneno yangu taratibu. Jioni, tulipokuwa tunaondoka, alikuja mbio na kifurushi kidogo cha gazeti lenye maandishi ya kwao. Majani yalikuwa makavu, yamejikunja na kujiviringa kama konokono wadogo. "Mama yangu anakaanga," alisema. "Kwetu, mlimani. Moto wa mkaa."

Baba akajaribu kukataa. Mtu hapokei zawadi iliyotoka kwa mama wa mwenzake. Bwana Wen akanikabidhi mimi, kwa mikono miwili tena.

Nilipika siku iliyofuata, asubuhi. Nilijua chai inavyopikwa: unatia majani kwenye sufuria, unachemsha, unaacha inapanda na kushuka. Nikafikiri, kama sukari imelala ndani ya jani, basi nitachemsha sana iamke yote. Nilichemsha mpaka maji yakawa meusi kama ya kutilia rangi ukili wa mikeka. Nikamjazia Bibi kikombe.

Alipiga funda moja. Akageukia dirishani na kulitema lote uani, kuku wakatawanyika.

"Mke mwenzangu," alisema, akihema, "umeona nimechelewa kufa, umeamua unipe sumu?"

Nikaenda kulia nyuma ya choo. Mama alikuja akaniambia niache, Bibi ni mtu mzima, ameamua mwenyewe. Baba ndiye aliyesema neno lililonisaidia. Alikuwa anatengeneza mnyororo wa baiskeli, wala hakuinua kichwa: "Ukitaka cha mvunguni, mwanangu, sharti uiname. Kesho twende ukamwulize mwenyewe."

Bwana Wen aliposikia nilivyochemsha alijishika kichwa. "Jani haipikwi," alisema. "Jani inaoga." Akanichukua mpaka kwenye jiko lao, akaketi chini, akanionyesha. Maji yachemke kweli kweli. Maji ya kwanza unamwagia majani, unayamwaga hapo hapo. Hayo ni ya kuyaamsha na kuyatoa vumbi. Ya pili unamimina juu ya majani, unafunika, unavuta pumzi chache, unamimina yote kikombeni, hubakishi. Ya tatu unasubiri kidogo zaidi. Ya nne zaidi tena. "Usimsahau," aliniambia, akimaanisha jani. "Ukimsahau, anakasirika." Majani yalikuwa yanajinyoosha mbele ya macho yangu, moja baada ya jingine, kama watoto wanaoamshwa kwenda shule.

Nyumbani sikumpa Bibi mara moja. Nilijifunza kwanza. Nilimwomba Mama bakuli lake la kaure, lile la Idi, na kisahani cha kulifunika. Nikaunguza vidole. Nikasahau mara nyingine, na kweli, jani likakasirika. Nikasubiri kidogo mno, nikapata maji yenye harufu tu. Nilionja kila nilichopika, na Mama akawa analalamika kwamba namaliza kuni na kwamba siku zote niko chooni. Lakini siku moja niliinua kisahani na harufu ikajaa nyumba nzima, nikajua nimeipata kabla sijaionja.

Ndipo sauti ilipotoka kitandani. "Nani kakaanga korosho humu ndani?"

"Hakuna, Bibi. Ni chai."

"Usinidanganye. Najua harufu ya korosho tangu sijaota meno." Akajiinua kwa kiwiko, macho ameyafumba, pua juu. "Lete hapa."

Nikampelekea kikombe kidogo. Akanusa muda mrefu. Akanywa, akakunja uso.

"Chungu."

"Ngoja, Bibi. Usiseme kitu. Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ngoja tu!"

Sikuwahi kumkemea mtu mzima kabla ya siku ile. Nadhani alitii kwa mshangao. Nilimtazama kooni. Nikaona anameza mate, kisha anameza tena, kisha uso unalegea taratibu kuanzia kwenye paji.

"Kumbe," alisema. "Tamu yake iko ndani. Imefichwa kama mwali."

Akataka cha pili. Nikayaongezea majani maji, nikasubiri zaidi. Akanywa na cha tatu. Na alipokuwa akinywa alianza kusema habari za kwake Kisarawe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aletwe: jinsi walivyohamishwa wote kwenda kijiji kipya cha kando ya barabara, jinsi nyumba yake ilivyobaki peke yake na mikorosho aliyoipanda na Babu, jinsi korosho zinavyoanguka kule na hakuna wa kuziokota isipokuwa ngedere. Mimi sikusikiliza sana. Nilikuwa nahesabu ushindi wangu.

Msidhani aliacha sukari siku hiyo. Fundo la kanga liliendelea kuwepo, na mimi niliendelea kulitafuta. Tuliviziana. Lakini kila asubuhi nilipika, na kila asubuhi alikunywa, na fundo likawa linapungua. Kisha siku moja akalifungua mwenyewe, akanimiminia kiganjani chembe zilizobaki, zimegeuka za kahawia kwa jasho. "Wapelekee sisimizi," alisema. "Na wao wana wagonjwa wao."

Muda wa Bwana Wen kurudi kwao ulifika. Alikuja mpaka barabarani kuniaga, akanipa kopo jekundu lenye picha ya mlima, limejaa. Aliniuliza, "Bibi, mguu?"

"Bado upo," nilimjibu.

"Mguu upo," akasema, akitikisa kichwa kwa furaha. "Vizuri. Vizuri sana."

Sikumwona tena.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Bati letu lilivuja pale hasa nilipokuwa nimeliweka kopo, na mfuniko wake haukuwa umekaa sawasawa. Nilipolifungua asubuhi moja, haikutoka harufu ya korosho. Ilitoka harufu ya mkeka uliolowa. Majani yalikuwa yamelegea, yananata vidoleni. Nilikaa chini na kopo mapajani, nikalia kwa sauti, maana Bwana Wen alikuwa ng'ambo ya bahari na mama yake mlimani, na hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kuuliza.

"Lete hapa," Bibi alisema.

Akayashika, akayanusa, akaweka moja ulimini. "Hayajaoza. Yamelowa. Korosho zikilowa unazitupa?"

"Hapana, Bibi."

"Basi acha kelele. Nipe mkono."

Nilidhani anataka kukaa. Alitaka kusimama. Tangu aletwe na lile lori hakuwa amefika jikoni kwa miguu yake. Kila kitu kilimfuata kitandani. Aliniegemea begani kwa uzito wake wote, mkono mwingine ukutani, akakanyaga kwa kisigino cha ule mguu, akang'ata meno. Mama alikuja mbio kumshika. "Niache," Bibi alimwambia. "Nina kazi na mke mwenzangu."

Tukafika mafigani. Akaketi kwenye kigoda, akaagiza kigae kipana cha chungu kilichovunjika, akaagiza makaa yafukiwe kwenye majivu mpaka yasionekane. Aliweka kiganja juu ya majivu, akatoa makaa kidogo, akaweka tena kiganja, mpaka akaridhika. Ndipo akakiweka kigae juu, akatandaza majani. Nilitaka kupuliza moto ili twende haraka.

"Acha!" alinipiga kofi la mkononi. "Moto wenye haraka unaunguza juu, ndani panabaki pabichi. Kaa chini."

Tukakaa. Mvua ikipiga bati, Bibi akiyageuza majani kwa ncha za vidole, mara hivi, mara hivi, bila kuchoka. Harufu ya mkeka ilitoka kwanza, ikaondoka na moshi. Kwa muda mrefu hapakuwa na harufu yoyote, nikaanza kukata tamaa. Mpaka adhuhuri ikapita. Kisha ukaja ukoko, kwa mbali. Kisha, pole pole, zikaja korosho. Uso wa Bibi ulikuwa umejaa jasho, na mguu wake mgonjwa ameunyoosha mbele yake kama mtu anayeota moto kwa starehe. Tulipoionja, haikuwa ileile ya mama yake Bwana Wen. Ilikuwa nzito zaidi, na utamu wake ulichelewa zaidi kufika. Lakini ulifika.

Tangu siku hiyo Bibi alikuwa anakuja jikoni mwenyewe. Kopo lilipokwisha nilingoja arudie sukari. Badala yake aliniambia niyaogeshe majani yetu ya dukani, ya kawaida, nisiyachemshe, akainywa chai yake hivyo hivyo bila sukari, akilalamika kila funda. Vidonge alimeza. Hospitali walimkata kidole kimoja, kidogo, na mguu ukabaki. Sisemi chai ndiyo iliyomponya. Ningesema hivyo daktari yule angenicheka, na angekuwa na haki. Kile kidole nilimwomba Baba akiulizie, akaniambia niache ujinga.

Bibi alirudi Kisarawe, kwenye kijiji kipya, na kutoka huko alitembea na mkongojo wake mpaka kwenye mikorosho yake kila msimu. Aliishi mpaka nikawa sekondari. Kwa miaka hiyo yote mimi nilijisifu kimoyomoyo kwamba nilimshinda mtu mbishi kuliko wote Pwani.

Tulipomzika, pembeni ya Babu kama alivyotaka, nilimwambia Mama njiani tukirudi kwamba angeishi hata zaidi kama asingependa sukari namna ile. Mama alisimama.

"Hakuwa anaipenda namna ile," alisema. "Wewe ulikuwa mdogo. Alipotoka hospitali siku ile alimwambia baba yako: msinihangaikie, nimeshahama mara moja, sitaki kujifunza kukaa kwa watu. Acheni nile, niende upesi kwa mume wangu. Tulimwomba, baba yako akampigia magoti. Hakusikia."

Nikakumbuka fundo la kanga, na namna alivyokuwa akililamba bila furaha yoyote usoni, kama mtu anayemeza dawa.

Mama akaniambia kwamba siku ile ya mvua, tulipokuwa tumekaa kando ya kigae, Bibi alisema neno moja, na yeye Mama alipolisikia alitoka nje akasimama mvuani ili alie kwa furaha bila kuonekana. Nikamwuliza ni neno gani. Aliponiambia, nilishangaa, kwa sababu nililisikia na mimi. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, naona njaa, nangoja majani yakauke. Bibi alikuwa ameyatazama makaa, akasema kama anayejisemea, "Mvua hizi zikikatika, nitakwenda kwangu kwa miguu yangu yote miwili."

Mimi nilidhani anazungumzia safari.